Kigong'ota wa Lango la Ndama

Nimepanga chumba Karatu, nyuma ya barabara kubwa, ukuta kwa ukuta na karakana ya seremala. Watu hunihurumia kwa ajili ya kelele. Kelele sina neno nazo. Kinachonisumbua ni harufu. Seremala akipata gogo lililokauka miaka mingi na kuanza kulichonga, vumbi lake hupita chini ya mlango wangu likiwa na ukavu fulani na uchachu kwa mbali, na mimi huacha ninachokifanya, iwe kupika au kupiga pasi, nikakaa kitandani mpaka ipite. Jirani yangu aliwahi kunikuta hivyo akadhani nina pumu, akaniletea dawa ya kujifukiza. Nilimshukuru nikajifukiza. Ningeanzaje kumweleza kwamba ile kwangu ni harufu ya mama?

Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama sisi Wamasai, ndiye aliyeninusisha kwa mara ya kwanza. Boma letu lilikuwa upande wa Ngorongoro, juu kwenye baridi, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hauondoki hadi ng'ombe wamalize kukamuliwa. Lilikuwa na malango mawili. Lango kubwa lilitazama magharibi, na ng'ombe na watu wote walipita hapo. Upande wa mashariki kulikuwa na lango dogo la ndama, ambalo mtu mzima alilipita kwa kuinama. Kusini mwa boma, kwenye mteremko, ulisimama mgunga mkubwa uliokuwa umekufa zamani, hauna jani hata moja, na gome lake lilikuwa likidondoka vipande.

Siku hiyo tulikwenda kuukata kuni. Yeyo alinyanyua panga, kisha akalishusha bila kupiga. Akachuchumaa, akaokota kitu kwenye majani, akanishikia puani. Vilikuwa vibanzi vidogo vya mti, vipya, vyeupe.

"Nusa," aliniambia. "Hapa kuna mtu anajenga."

Nikageuka huku na huku kumtafuta huyo mtu. Yeyo akacheka hadi akaketi chini, akanishika kidevu akakiinua. Juu, chini ya tawi lililovunjika, palikuwa na tundu la duara, na ndani ya tundu mkia ukitikisika. Punde ndege akatoka kinyumenyume, kijivu mwili mzima isipokuwa kiunoni alikokuwa mwekundu na utosini alikovaa kofia nyekundu, akapangusa mdomo kwenye mti, akaruka. Hapo hapo akaja mwenzake asiye na kofia, akaingia, akaendelea na kazi pale pale alipoiachia yule wa kwanza.

"Mwenye kofia ndiye mume," Yeyo alisema. "Huu mti hatuukati. Na usiwaambie watoto wa boma la pili, watakuja na mawe."

Basi ikawa siri yetu wawili, na mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kuchunga ndama karibu na boma nikawa mlinzi wake. Sijawahi tena kuwa na kazi niliyoipenda kama ile. Niliwazoea wale vigong'ota hata nikajua kwamba anayekuja kupokea zamu hagongi kwa nguvu, hugonga taratibu mara chache kwenye shina, na aliye ndani akisikia hutoka. Nilijua kwamba jioni mke huenda kulala kwenye mti mwingine ng'ambo ya korongo, na mume ndiye anayebaki tunduni usiku. Hilo lilinichekesha mno. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, anaijenga yeye, anaikandika yeye kwa samadi, mume ni wa kukaribishwa. Nilipomsimulia Yeyo alisema labda yule mke alikuwa na akili kuliko sisi sote, kapata wa kulala na watoto.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana wasomaji wengi hawatoki kwetu. Wazee wa kwetu hawakuwa wakianza safari yenye uzito bila kumsikiliza kigong'ota. Sauti yake ikitoka mkono wa kuume, nenda, utafika na utarudi. Ikitoka mkono wa kushoto, vua viatu ukae nyumbani. Nimewaona kwa macho yangu wanaume wazima wenye fimbo na sime wakigeuza njia kwa sababu ya ndege asiyezidi uzito wa embe, na mtoto wa miaka minane hakuwa na sababu ya kuwacheka. Niliamini kama nilivyoamini kwamba moto unaunguza.

Yeyo alianza kuugua wakati vigong'ota wamekwisha kutaga. Nilijua wametaga kwa sababu vibanzi vilikoma kuanguka, na daima mmoja wao alikuwa ndani. Yeyo alikonda mikono na shingo, bangili zikamlegea, ila tumbo likawa linakua. Koko, bibi yangu mzaa baba, alimchemshia mizizi na magome ya kila aina, na nyumba yetu yote ikanuka dawa. Hakuna aliyeniambia ni ugonjwa gani. Mimi nilikuwa nimewaona wanawake wengi wenye matumbo makubwa, na wote nilijua walikuwa na nini.

Asubuhi waliyoamua kumpeleka hospitali Karatu, Baba alimpandisha juu ya punda, maana barabara ya magari ilikuwa mbali. Nilishika kamba ya punda nikaielekeza kwenye lango kubwa kama siku zote. Baba akaichukua mkononi mwangu.

"Tupite la ndama," alisema. "Huku kuna tope."

Langoni mwa ng'ombe huwa kuna tope mwaka mzima, na sikuwahi kumwona Baba akilijali. Lakini mtoto hamuulizi baba yake maswali ya namna hiyo. Ikabidi Yeyo ashushwe, apite ameinama huku akishika tumbo, kisha apandishwe tena upande wa pili. Alikuwa akihema. Tulipokuwa tumesimama hapo, yule ndege akatoa sauti, ile ya kukwaruza inayofuatana haraka haraka, kutoka kwenye mgunga mkavu. Mkono wa kuume.

Baba alitulia, akasikiliza mpaka mwisho. Yeyo akageuza shingo akanitazama, uso wake umekuwa mdogo ndani ya shuka, akatabasamu.

"Umesikia?" aliniuliza. "Kuume."

"Nimesikia," nikajibu.

"Basi kaa na Koko. Uwaangalie wale wa kwako."

Wakaondoka. Niliwatazama mpaka ukungu ukawameza, na sikulia hata kidogo. Nilikuwa na furaha. Ninaposema kwamba siwezi kuisamehe asubuhi ile, ninachomaanisha ni hiyo furaha.

Baada ya hapo nilihamia kabisa chini ya mgunga. Nilikaa na ndama wangu nikihesabia matumaini yangu kwa wale ndege: wakilalia mayai, Yeyo yuko hospitali analala, wakianza kulisha, Yeyo anakula. Siku moja niliweka sikio kwenye shina nikasikia mvumo ndani, kama nyuki ndani ya kibuyu, na kila mzazi alipotua mvumo uliongezeka. Makinda yalikuwa yameanguliwa. Nilikimbia kumwambia Koko, na Koko, ambaye siku zote alinisikiliza nikisimulia upuuzi wangu, aliendelea kukoroga uji bila kugeuka.

Mvua zikaanza. Zilikuwa mvua kubwa, barabara ikakatika kule chini, hata waliokwenda mnadani hawakurudi kwa wakati. Ndipo jioni moja nikamwona Baba akipanda mteremko peke yake, miguu myekundu ya udongo hadi magotini, punda anafuata nyuma mgongo mtupu. Niliita, hakuitika. Aliingia nyumbani kwa Koko wakafunga mlango. Sikusikia kilio. Nasema hivyo kwa sababu nimeulizwa na watu wengi, ilikuwaje usijue, hukusikia watu wakilia? Sikusikia. Kwetu wakati ule msiba haukupigiwa kelele kama ninavyoona huku mjini. Ulifungiwa ndani.

Kesho yake Koko alinikalisha kati ya magoti yake, akaninyoa kichwa kwa wembe, akikilowesha kwa maziwa na maji. Akavua shanga zangu za shingoni, akaziweka kwenye mfuko. Yeye mwenyewe alikuwa amenyolewa tayari, Baba pia. Nikaona nimeelewa kila kitu. Mara moja tu maishani mwangu nilikuwa nimetazama kwa karibu mtu akinyolewa kwa maziwa: mke wa jirani, aliponyolewa pamoja na mtoto wake mchanga siku mtoto alipopewa jina. Tumbo la Yeyo lilikuwa limekua, ndege alisema kuume, na sasa tunanyolewa. Yeyo amejifungua. Barabara imekatika, kwa hiyo yuko Karatu na mtoto, wanasubiri tope likauke.

"Ni wa kiume?" nilimuuliza Koko.

Mkono wake wenye wembe ulisimama. "Nyamaza nisikukate," alisema.

Nikanyamaza, nikaamua ni wa kike. Nilianza kumwandalia. Nilimtengea kibuyu kidogo nilichokiosha kwa mkaa, nikaomba kipande cha ngozi laini ya kondoo, nikapewa bila kuulizwa cha nini, na hilo pia nililihesabu kuwa ni uthibitisho. Nililala kwa Koko, lakini mchana niliingia nyumbani kwa Yeyo kufagia majivu ya jiko lililozimika, ili akirudi asikute uchafu. Nilishangaa kidogo kwamba hakuna anayemtaja. Boma zima, hata wanawake waliokuwa wakichota naye maji, walizungumza wakiruka mahali ambapo jina lake lingekaa. Nilidhani wamemkasirikia kwa kuchelewa. Nilimtetea kimoyomoyo, nikasema tope si kosa lake.

Makinda yalikua. Yalianza kuchungulia tundu, kwanza moja, kisha mawili yakisukumana, yakipiga kelele kutwa nzima, na wazazi wakienda na kurudi na midomo iliyojaa wadudu. Nilijiwekea ahadi kwamba siku yatakapotoka ndiyo siku Yeyo atakapofika na mtoto. Sijui niliitoa wapi. Siku hiyo ilikuwa ya jua, barabara imekauka. Kinda la kwanza lilikaa ukingoni muda mrefu, likaruka vibaya, likashika mti wa jirani likajibandika hapo linatetemeka. La pili likafuata. Wazazi waliyaita kutoka ng'ambo ya korongo, na kabla jua halijafika katikati mti wangu ulikuwa kimya.

Nilikaa lango la ndama hadi jioni na kile kibuyu mapajani. Wote waliopita niliwajua. Hakuja mtu.

Vigong'ota waliendelea kuja mgungani asubuhi, wazoefu wa mahali pao, na asubuhi iliyofuata nilipokuwa nikitoa ndama yule mwenye kofia akatoa sauti. Kuume. Moyo ukaniruka. Kisha nikakumbuka nimesahau fimbo, nikageuka kurudi ndani, naye akatoa sauti tena. Kushoto. Nikasimama katikati ya lango, mguu mmoja nje na mmoja ndani. Nikatoka: kuume. Nikaingia: kushoto. Nikazunguka nikatoka kwa lango kubwa, na hapo alikuwa kushoto hata kwa anayeondoka. Nilifanya hivyo mara nyingi, hadi ndama wakatawanyika, hadi ndege akaondoka na mimi bado natoka na kuingia. Angekuwa kuume kwa mwizi. Angekuwa kuume kwa fisi. Hakuwa amesema neno lolote juu ya Yeyo, alikuwa nyumbani kwake tu.

Nilikwenda kwa Koko nikamuuliza Yeyo anarudi lini, nikamtaja na kwa jina lake. Koko aliniziba mdomo kwa kiganja, haraka, kama mtu anayezima moto kwenye nguo.

"Yule hatajwi tena," alisema. "Hatajwi, umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilijua ni akina nani wasiotajwa. Kulikuwa na babu mmoja, na mtoto wa jirani aliyechukuliwa na homa, na sikuhitaji kuelezwa zaidi. Ndivyo nilivyopata habari ya msiba wa mama yangu, siku nyingi baada ya kunyolewa kwa ajili yake. Baba alikuwa amemzika huko huko Karatu, kwa sababu ya barabara. Nilikwenda nikautazama ule mgunga na nikauchukia kwa moyo wote, na nikataka kuukata, ila panga la Yeyo lilikuwa zito mno kwangu.

Nyumba yake haikukandikwa tena. Ilipasuka, mvua nyingine zikaingia, ikaanguka. Kwenye tundu la vigong'ota waliingia kuzi, wale ndege weusi wanaong'aa, wakajaza majani na manyoya kana kwamba wamelichimba wao. Mimi nikapelekwa shule ya bweni, nikajifunza Kiswahili, nikaja mjini, na sasa nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli ya watalii. Wageni hukaa bustanini na darubini, na kijana anayewaongoza akisema kuna kigong'ota mtini wananyanyuka wote kwa furaha. Mimi huendelea kuanika.

Mvua hizi zilizopita Baba aliletwa kwangu. Macho yake yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Mikono na shingo vimekonda, na tumbo linakua. Nililiona tumbo lile kabla hajashuka kwenye gari vizuri, nikaomba lisiwe lile. Hospitali ya hapa wakampima, wakasema aende kubwa zaidi, mbali, na namna walivyonitazama walipolisema ilinitosha.

Siku moja kabla ya safari alikaa mlangoni kwangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaota jua la alasiri. Seremala alikuwa akigonga patasi.

"Ndege wenu huyu hachoki," Baba alisema.

"Hachoki, Baba."

Kisha akasema, akiwa ametazama mbele, kwamba kuna jambo hajawahi kuniambia. "Siku ile nilimpitisha yule lango la ndama. Hapakuwa na tope la kumshinda punda. Nilijua kuna kiota kwenye ule mti, nilikuwa nakuona umekaa pale na ndama. Nilitaka asikie kuume."

Nilikuwa nakunja shuka, nikaendelea kulikunja.

"Ulijua hatarudi?"

"Nilijua. Yeye hakujua. Alikwenda moyo wake umetulia." Akapangusa macho yake yasiyoona kwa ncha ya shuka. "Angalau hilo nilimpa."

Sikumwambia. Hakujua kwamba kiota kile alinionyesha Yeyo, kwamba ni yeye aliyelishusha panga, aliyeokota vibanzi, aliyenikataza kuwaambia watoto. Alipopita lile lango ameinama, tumbo mkononi, alijua kabisa ndege yuko upande gani na kwa nini mumewe amemzungusha. Alisikia, akatabasamu, akatuachia sote wawili kile tulichotaka kubaki nacho. Baba amelala na hilo moja miaka yote hii. Kama ningemnyang'anya angebaki na nini?

Asubuhi gari lilikuwa likitusubiri barabarani. Ukitoka kwa mlango wangu wa mbele, karakana iko kushoto. Seremala alikuwa amekwisha kuanza kazi, na ile harufu ilikuwa imejaa uani. Nilimshika Baba mkono, nikamgeuza.

"Tupite nyuma," nilimwambia. "Mbele kuna tope."

Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima, na yeye amekaa mlangoni pale siku zote hizo miguu yake imekanyaga vumbi. Alinifuata kwenye kile kichochoro cha nyuma, akainama chini ya kamba zangu za kuanikia, akihema, mkono mmoja tumboni. Tulipotokea upande wa pili alinivuta nisimame. Patasi ilikuwa ikigonga, mkono wetu wa kuume. Alisikiliza mpaka seremala alipopumzika. Kisha akanigeuzia uso wake, umekuwa mdogo ndani ya shuka, akatabasamu.

"Umesikia?" aliniuliza. "Kuume."

"Nimesikia," nikajibu.